Uchawi: Kwa Nini Mimi, Kwa Nini Leo?

Jambo tutakalolizungumza ni lile ambalo watu wa Ngara na Biharamulo, kama watu wa nchi nyingine nyingi, hulitaja kwa sauti ndogo wakati wa matanga. Ni uchawi. Hatukusudii kumcheka mtu, wala kumtisha mtu. Twataka kueleza yale ambayo wataalamu wameyachunguza kwa muda wa miaka mia hivi, katika nchi zetu na katika nchi za mbali. Maana jambo hili limeua watu wengi, na wengi wao hawakuwa na kosa lo lote.

Tuanze na neno lenyewe. Mhangaza wa Bugufi humwita mchawi umurozi, sawasawa na jirani yake Mrundi ng'ambo ya mpaka. Mhaya husema omurogo. Msukuma aliyeingia Biharamulo na ng'ombe wake husema nogi, na wakiwa wengi balogi. Na Mswahili wa pwani, asiyepata kuuona mto Ruvubu wala Kagera, husema kuroga, au kuloga. Msomaji aona mara moja ya kuwa ni neno moja lililovaa nguo mbalimbali. Wataalamu wa lugha na historia, mmoja wao David Schoenbrun aliyetoa kitabu juu ya nchi za Maziwa Makuu mwaka 1998, wameonyesha ya kuwa shina la neno hili ni la kale mno, la zamani kuliko kugawanyika kwa makabila haya. Hali kadhalika shina la neno mganga. Kwa hiyo hofu na dawa yake zilisafiri pamoja, tangu siku ambazo babu zetu walikuwa wakisema lugha moja.

Lakini neno moja halina maana moja. Katika Kirundi na lugha za jamaa yake, uburozi ni uchawi, tena ni sumu. Mtu akisema jamaa yake amerogwa, yawezekana ana maana ya uganga wa usiku, na yawezekana ana maana ya kitu kilichotiwa katika kibuyu cha pombe. Ndiyo sababu ya desturi iliyoenea katika nchi hizi, ya mwenye nyumba kuonja pombe kwanza mbele ya mgeni. Mambo haya mawili yafaa tuyatenge. Sumu ni kitu. Yaweza kupimwa, na aliyeitia aweza kushtakiwa kwa ushahidi. Hilo la pili ndilo gumu.

Mtu aliyelifungua jambo hili kwa wataalamu wa ulimwengu ni Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard. Kati ya mwaka 1926 na 1930 alikwenda kukaa na Wazande, kusini mwa Sudani ya siku zile, akajifunza lugha yao, na mwaka 1937 akatoa kitabu. Kabla yake Wazungu wengi walisema ya kuwa mwenye kuamini uchawi hajui kufikiri. Yeye alikanusha, akatoa mfano wa ghala. Wazande hujenga ghala za nafaka juu ya nguzo, na jua likiwa kali watu huketi chini yake wapate kivuli. Siku moja ghala huanguka na kuwaumiza waliokaa chini. Mzande ajua sana kwamba mchwa wamekula nguzo. Haina haja kumfundisha. Ajua pia ya kuwa watu walikaa pale kwa sababu ya jua. Lakini ana swali la tatu: kwa nini mchwa wamalize kazi yao saa ile ile, walipokaa watu wale wale? Asiyeamini uchawi husema ni bahati mbaya, kisha hunyamaza. Mzande hanyamazi, hujibu kwamba ni mangu, yaani uchawi ukaao tumboni mwa mtu, ambao huenda hata mwenyewe hajui kuwa anao.

Mfano huo waweza kuletwa karibu. Mapori ya Biharamulo yamejulikana tangu zamani kwa mbung'o. Tuseme ndugu wawili wamekwenda porini kurina asali, na wote wawili wameumwa na wadudu hao. Baada ya majuma machache mmoja ashikwa na homa. Kisha hulala mchana na kukesha usiku, maneno yake hupotea, tabia yake hugeuka hata mkewe hamtambui. Mwenzake hana hata maumivu ya kichwa. Daktari atazama damu kwa darubini, aona vijidudu viitwavyo tripanosoma, ajua ni malale, na dawa yake ipo. Lakini mama mgonjwa auliza: "Mbona mbung'o hakumdhuru yule mwingine?" Daktari aweza kujibu ya kuwa si kila mbung'o huchukua vijidudu; wengi hawana, wachache wanavyo. Jibu hilo ni la kweli, ila ni baridi sana kwa mtu anayelia. Halimtaji mtu, halina mwisho wa kisasi, halisemi kwamba mwanawe alikuwa mtu wa kuonewa wivu. Mpiga ramli ana jibu lenye joto zaidi, na ndiyo maana watu humwendea hata baada ya kutoka hospitali na chupa ya dawa mkononi. Mtu aliyekwenda kote kuwili si mjinga. Aliuliza maswali mawili, na hospitali ilijibu moja.

Wala tusidhani ya kuwa uchawi ni jibu la pekee katika mila zetu. Svein Bjerke, mtaalamu wa dini kutoka Norway, aliandika kitabu mwaka 1981 juu ya dini na mikosi ya Wazinza, majirani na jamaa za watu wa Biharamulo. Humo twasoma habari za Bachwezi na pepo wengine ambao watu huwatafakari wanapopatwa na msiba. Huenda mizimu imesahauliwa. Huenda pepo ataka kutambikiwa. Huenda ni kazi ya Mungu tu. Jamaa hukaa na kupima majibu haya kama mtu apimavyo nguo dukani. Tofauti yao ni kubwa kuliko ionekanavyo: mzimu ukidai haki yake hutaka mbuzi au pombe, na jambo huisha kwa karamu, lakini jibu la uchawi hutaka mtu.

Ni mtu gani basi? Hapa ndipo wataalamu wamefanya kazi iliyo bora, maana hawakuuliza kama uchawi upo; waliuliza nani hutajwa, na nani humtaja. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa wa Rungwe kabla ya vita vya mwaka 1939, alisikia ya kuwa wachawi wa huko wana chatu tumboni, na kwamba kinachowasukuma ni tamaa ya nyama na maziwa. Waliotajwa huko walikuwa aghalabu majirani wa kijiji kimoja. Aliwalinganisha na Wapondo wa Afrika Kusini, alikokuwa amekaa kwanza, akaona ya kuwa hofu zao ni za namna nyingine kwa sababu ujirani wao ni wa namna nyingine. Mchawi hufuata ramani ya ugomvi. Watu waliokaa mbali hawana cha kugombania. Wenye mpaka mmoja wa shamba, wake wa mume mmoja, ndugu wenye urithi mmoja, hao ndio hutazamana kwa jicho la pembeni. Wazee walikwisha kusema, kikulacho kimo nguoni mwako.

Msomaji aweza kudhani ya kuwa mambo haya ni ya Afrika. Sivyo. Katika Ulaya, kuanzia miaka ya 1400 hata 1700 na kitu, watu wapata 40,000 au 50,000 waliuawa kwa hukumu za mahakama kwa kosa la uchawi, na katika kila wanne, watatu hivi walikuwa wanawake. Hawakuuawa na wahuni usiku. Waliuawa na mahakimu waliosoma, mchana, kwa karatasi zenye mihuri. Wengi walikiri. Lakini walikiri baada ya kuteswa, na mtu aliyevunjwa mifupa atakiri hata kwamba alipanda fimbo akaruka angani. Huko Salem, katika Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja aliyekataa kujibu mashtaka alilaliwa mawe kifuani hata akafa.

Alan Macfarlane na Keith Thomas, wanahistoria wawili wa Uingereza, walisoma habari za Wazande na za makabila mengine ya Afrika, kisha wakarudi kuzitazama hati za mahakama za kwao kwa macho mapya. Vitabu vyao vilitoka mwaka 1970 na 1971. Macfarlane alichunguza wilaya ya Essex, akaona hadithi moja ikirudiwarudiwa. Mwanamke maskini, aghalabu mzee, aenda kwa jirani kuomba maziwa kidogo au kitu kingine cha chakula. Jirani amnyima. Mwanamke aondoka akinung'unika. Baada ya siku chache mtoto wa jirani augua, au ng'ombe wake afa. Na jirani, ambaye moyo wake ulikuwa ukimchoma kwa kuwa alijua ya kuwa hakufanya wema, akumbuka manung'uniko yale. Angalia vizuri, msomaji: aliyekosa ni aliyenyima, naye ndiye aliyeshtaki. Nadhani hakuna jambo katika elimu hii yote linalostahili kufikiriwa zaidi ya hilo.

Yuko mtu mmoja wa zamani ambaye jina lake lingefaa kujulikana katika vijiji vyetu. Ni Alonso de Salazar Frías, hakimu wa kanisa katika Hispania. Hofu ya uchawi ilipowaka katika nchi ya Wabasque, na watu wakachomwa moto mwaka 1610, alitumwa mwaka 1611 kuzunguka vijiji na kuuliza. Watu zaidi ya 1,800 walikuja mbele yake, wengi wao watoto, wakisema wamekuwa wachawi au wamerogwa. Yeye hakutosheka na maneno. Dawa walizoleta alizijaribu kwa wanyama, na wanyama hawakudhurika. Mashahidi aliwauliza mmoja mmoja, mbalimbali, juu ya mahali palepale na usiku uleule, na majibu hayakulingana. Mwishowe aliwaandikia wakubwa wake kwamba hakuona hata dalili moja ya tendo la uchawi, na kwamba mahali ambapo watu walikuwa hawajaanza kuzungumza na kuandika habari za wachawi, hapakuwa na wachawi. Mwaka 1614 wakubwa wake walitoa amri ya kutuliza mambo, na katika Hispania mioto ile ilipoa mapema kuliko katika nchi nyingi za kaskazini.

Na sasa turudi nyumbani. Serikali ya Tanganyika ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1922, ikatunga nyingine mwaka 1928, na sheria hiyo ingali katika vitabu vya Tanzania, ikiitwa Sura ya 18. Ni kosa kudai kwamba una uwezo wa uchawi, au kuwa na vifaa vyake, au kumtisha mtu kwavyo. Bwana Shauri wa wilaya alipewa pia uwezo wa kumwamuru mtu anayedhaniwa mchawi ahamie mahali pengine. Wazee wengi hawakuipenda sheria hii. Walisema: mwizi na anayemsaka mwizi wanafungwa kamba moja! Maana mganga aliyetoa uchawi vijijini aliweza kushtakiwa sawa na mchawi mwenyewe. Twaelewa manung'uniko yao, ingawa hatukubaliani nayo. Mahakama haiwezi kupokea ushahidi wa ndoto wala wa kuku aliyekufa, na siku itakapoupokea, hakuna mtu atakayelala salama. (Msidhani ya kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kuachana na mambo haya: mwaka 1944, katika London, mwanamke aitwaye Helen Duncan alifungwa miezi 9 kwa sheria ya uchawi ya mwaka 1735, kwa kuwa alidai kuita roho za wafu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1951 tu.)

Lakini sheria haikuzuia mapanga. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa hesabu ya serikali, watu 3,693 waliuawa katika Tanzania bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa katika Usukuma, yaani mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo mipaka yake ya siku zile iligusana na Biharamulo. Simeon Mesaki, mtaalamu wa Kitanzania, alitumia miaka mingi kuchunguza mauaji hayo. Wengi waliouawa walikuwa vikongwe, na mara nyingi alama yao ilikuwa macho mekundu. Sasa fikiri: kuni zimekwisha, bibi apika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua katika nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka hamsini. Macho yake yatakuwa na rangi gani?

Mtaalamu wa uchumi, Edward Miguel, aliongeza jambo jingine mwaka 2005. Alichunguza vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, akalinganisha mauaji na mvua. Katika miaka ya ukame mkali au ya mafuriko, vikongwe waliouawa kwa jina la uchawi walikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji mengine hayakupanda hivyo. Na waliohusika mara nyingi walikuwa jamaa za marehemu. Yaani njaa inapoingia, na chakula hakitoshi vinywa vyote, ndipo macho mekundu ya bibi huanza kuonekana, ijapokuwa yalikuwa mekundu mwaka uliopita, alipokuwa akiwapa wajukuu uji.

Mkoa wetu wa Kagera una habari zake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania, watu watatu, walijulikana huku. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo iliyopendwa na vijana wakati huo wa biashara ya magendo. Ng'ambo ya pili, katika Rakai ya Uganda, watu wa mwalo wa Kasensero walisema ya kuwa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali yao wamewaroga. Ramani ya ugomvi tena! Waliodhulumu waliogopa waliowadhulumu. Na wakati watu walipokuwa wakitafuta aliyeroga, virusi vilikuwa vikipita kimya kutoka kwa mume kwenda kwa mke.

Yako pia mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyosikika sana kuanzia miaka ya 2006 na 2007 katika nchi za kusini na magharibi ya Ziwa Victoria. Haya si uchawi wa zamani wa wivu. Ni biashara: mpiga ramli humwahidi mvuvi samaki, au mchimbaji dhahabu, na hutaja bei. Biharamulo ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa Tulawaka ulifunguliwa huko mwaka 2005, na wachimbaji wadogo wako sehemu nyingi. Kazi ambayo mtu mmoja hutajirika kwa siku moja na mwenzake huchimba mwaka mzima bila kupata kitu ni shamba zuri kwa muuza bahati. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na hata mwezi wa Machi zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Hata hivyo, mwaka 2024, katika wilaya ya Muleba, mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao akauawa. Ualbino wenyewe ni upungufu wa rangi ya ngozi, macho na nywele, unaorithiwa kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Katika Tanzania hukadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400. Mfupa wa mtu huyo ni mfupa kama wa mtu mwingine.

Tumalizie na habari ya karibu kabisa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza ya kuwa ugonjwa wa Marburg umeonekana Biharamulo. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2023, ulikuwa umeonekana upande wa Bukoba, wakapatikana wagonjwa 9, na 6 wakafa. Safari hii ya Biharamulo walihesabiwa watu 10: wawili waliothibitishwa na maabara, na 8 waliodhaniwa kwa dalili. Wote 10 walikufa. Virusi vyake hukaa katika popo walao matunda. Vikisha kumwingia mtu, hupita kwa damu, kwa matapishi na kwa majimaji mengine ya mwili. Kwa hiyo huwapata wale wanaomlisha mgonjwa, wanaomfuta jasho, na wanaomwosha akiisha kufa.

Tazameni jinsi ugonjwa wa namna hii unavyofanana na hadithi ya mchawi. Waingia nyumba moja, waacha ya jirani. Wamchukua mama, kisha binti aliyemwuguza, kisha shangazi aliyekuja mazishini. Mfiwa ye yote angeuliza ni nani. Na watu wa afya waliofika Biharamulo nao waliuliza ni nani: nani alilala karibu na mgonjwa, nani alimnywesha uji, nani alimgusa maiti? Waliandika majina 281. Orodha ya mpiga ramli nayo hutoka hapo hapo, katika jamaa na majirani waliokuwa karibu na kitanda. Watu hao 281 waliangaliwa afya zao kwa siku 21, hata wa mwisho akaruhusiwa, na tarehe 13 Machi 2025 ikatangazwa ya kuwa ugonjwa umekwisha.